MAMBO YA NYUMBANI: Keki ya Kakao Yenye Peremende Ndani



Mwezi uliopita tuliwaahidi habari ya jikoni, nayo ndiyo hii. Walimu wenzetu wawili waliposikia walitucheka, wakasema, "Je, Mwalimu, umeacha chaki umeshika mwiko?" Twawajibu kwa upole ya kwamba mtu alaye kila siku asione haya kujua chakula chake kimetoka wapi na kimepikwaje. Tena habari hii si ya tumbo tu. Ndani yake mna ugomvi uliotokea nyumbani kwetu, na jinsi ulivyokwisha, nasi tumepewa ruhusa ya kuusimulia na mwenyewe, ambaye ni mama yetu mzazi.

Sisi twakaa Kyela, katika mkoa wa Mbeya, upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, mahali pa mpunga, migomba, michikichi na mikakao. Mama yetu ana mikakao nyuma ya nyumba, ambayo aliitunza pamoja na marehemu baba tangu sisi tulipokuwa wadogo. Kwa mbegu za miti ile tulilipiwa shule, na mabati ya nyumba yakanunuliwa. Walakini mtastaajabu: katika miaka hiyo yote hapana mtu wa nyumba yetu aliyepata kuonja kitu kilichopikwa kwa kakao. Tulijua utamu wa ule ute mweupe uzungukao mbegu, ambao watoto huufyonza wakati wa kupasua matunda. Mbegu zenyewe tulizivundika, tukazianika, tukazitia guniani, zikaenda zao. Kilichofuata hatukukiuliza.

Mwaka jana mgeni mmoja, mwanamke wa Marekani, alikuja kutazama shule, akakaa kwetu siku tatu. Alipokuwa akiondoka aliwagawia watoto vipande vya keki nyeusi alivyovileta katika mkebe, vyenye tabaka jeupe katikati. Binti yetu wa darasa la sita alikula nusu, na nusu akamletea bibi yake, akamwuliza, "Bibi, mgeni asema hii ni kakao. Ni kakao hii yetu?" Mama akakitazama kile kipande, akakigeuza, akasema, "Kakao yetu ni chungu, mjukuu wangu. Mgeni amekutania." Naye hakukionja, akamrudishia. Mtoto akatujia sisi na swali lilo hilo. Tukaona haya, maana sisi tulio mwalimu hatukuwa na jibu. Ndipo tulipomwandikia mgeni, naye akatuletea maelezo.

KEKI YENYEWE NI NINI

Wamarekani huiita brauni, kwa sababu ya rangi yake ya hudhurungi. Si keki ya kuumuka kama ile ya arusi. Ni bapa, nzito, yenye unyevu katikati. Hukatwa vipande vya mraba, na huliwa kwa mkono bila sahani wala uma. Hoteli iitwayo Palmer House, katika jiji la Chicago, husimulia ya kwamba mwaka 1893, wakati wa Maonyesho Makubwa ya Ulimwengu yaliyofanyika katika jiji hilo, Bibi Bertha Palmer, mke wa mwenye hoteli, aliwaagiza wapishi wake watengeneze kitamu kilicho kidogo kuliko kipande cha keki, kifaacho kutiwa katika masanduku ya chakula cha wanawake waliokwenda kwenye maonyesho. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1896, mwalimu wa mapishi wa Boston, Fannie Farmer, aliandika katika kitabu chake maelezo ya vikeki vyenye jina hilo la brauni, lakini havikuwa na kakao hata kidogo. Rangi yake ilitokana na asali nyeusi ya miwa. Katika chapa ya mwaka 1906 ndipo chokoleti ilipoingia.

Peremende yake nayo ina asili yake. Katika mji wa York, jimbo la Pennsylvania, mwaka 1940, Henry Kessler alianza kuuza peremende bapa ya mviringo, nyeupe ndani, iliyovikwa chokoleti nyeusi. Watu wa huko waliipenda sana, na wake wa nyumbani wakajifunza kuzipanga peremende hizo katikati ya ukandwa wa brauni kabla ya kuoka. Hiyo ndiyo keki aliyotuletea mgeni. Sisi peremende hizo hatuna, basi twatengeneza zetu kwa mikono.

UGOMVI WA MAGUNIA MAWILI

Wakati tulipopata maelezo palikuwa na jambo zito nyumbani. Masika ya mwaka ule mvua ilinyesha siku nyingi mfululizo, hata mama asiweze kuanika uani. Akapandisha mbegu zake darini, juu ya meko, zikakaukia humo. Alipozipeleka ghalani, karani alizishika, akazivunja chache, akazinusa, akayakataa magunia mawili.

Karani huyo ni kijana wa jirani, ambaye mama alimbeba mgongoni alipokuwa mchanga. Mama akaona ametukanwa mbele ya watu. Akasema maneno makali, ya kwamba kijana ataka mbegu zishuke bei apate kuzinunua kwa siri. Tangu siku ile hawakusalimiana. Alipopita njiani, mama aligeuza uso; na mama yake yule kijana naye akaacha kuja kwetu kuomba chumvi, jambo alilolifanya miaka yote. Sisi tulijaribu kuwapatanisha mara mbili, tukashindwa, maana hatukujua mwenye haki ni nani. Mama alisema mbegu ni nzuri, kavu, nzito. Karani alisema zina moshi. Nasi tuliponusa, pua zetu zilizozoea moshi wa meko tangu kuzaliwa hazikusikia kitu.

Basi siku ya kuoka tulitwaa kilo moja katika magunia yale yaliyokataliwa, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwamo nyumbani. Tulizikaanga mbegu juu ya moto mdogo kwa muda wa nusu saa hivi, tukikoroga bila kuacha, hata maganda yakapasuka. Tukaziacha zipoe kidogo, tukazifikicha, tukapepeta kwa ungo, maganda yakaruka. Kisha mama watoto akazitwanga katika kinu kilichotiwa joto kwa maji ya moto na kufutwa kikauke. Hapo tuliona ajabu: mbegu zile kavu, zikitwangwa, kwanza huwa unga, kisha unga hulainika, hatimaye huwa uji mzito mweusi ung'aao. Sababu yake ni kwamba karibu nusu ya mbegu ya kakao ni mafuta. Unga wa kakao uuzwao mikebeni ni mbegu iliyokwisha kukamuliwa sehemu kubwa ya mafuta hayo, kwa shinikizo ambalo Casparus van Houten wa Amsterdam alilipatia hati ya serikali mwaka 1828.

Tulioka siku ile kwa haraka na kwa ujinga, tukafanya makosa matatu. Kosa la kwanza, peremende tuliitia ingali mbichi, ikayeyuka, ikachuruzika mpaka chini, ikaungua na kushika bati kama lami. Kosa la pili, tulitia makaa mengi chini na machache juu, hata chini pakawa pakavu na juu pangali ute. Kosa la tatu hatukulijua mpaka kila mtu alipopewa kipande chake.

Mama alikuwa wa kwanza. Alitafuna polepole, amefumba macho, nasi sote tukamtazama. Ubaridi wa peremende ulipita. Akaendelea kutafuna. Mwisho akafumbua macho, akasema, "Peremende imepita, moshi umebaki."

Hakuna aliyemjibu. Sisi nasi tulionja, tukausikia: ladha ya moshi, kama nyama iliyotundikwa juu ya meko, imekaa nyuma ya ulimi wala haiondoki. Pua zetu hazikuujua, lakini ulimi ulipoupata katikati ya sukari, hapana aliyeweza kuukana. Mama akakiweka kipande chini, akasema kwa sauti ndogo, "Basi yule mtoto alisema kweli."

Twataka wasomaji walio wakulima wajue sababu yake. Mafuta hunasa harufu. Mbegu ya kakao, kwa kuwa ina mafuta mengi, hunyonya moshi wakati wa kukauka, nao hautoki tena, hata viwandani. Ndiyo maana mnunuzi hunusa. Hukata pia mbegu kwa kisu kutazama ndani: ikiwa ya hudhurungi yenye nyufa, imevundikwa vema, ikiwa ya zambarau, haikuvundika sawasawa, ikiwa ya kijivu kama ubao wa kuandikia, haikuvundika kabisa, nayo itakuwa kali na chungu. Kuvundika ni kazi ya siku 5 hadi 7, mbegu zikiwa zimefunikwa kwa majani ya migomba na kugeuzwa-geuzwa, na kuanika ni kazi ya jua. Hapana mkato.

Asubuhi yake mama alitwaa bakuli, akatoka peke yake. Tulidhani amekwenda shambani. Kumbe amekwenda kwa jirani, kwa mama yake karani, akamwomba bakuli moja la mbegu zilizokauka juani. Wale wanawake wawili walisema nini hatukuambiwa, wala hatukuuliza. Alirudi saa nne na bakuli limejaa, na nyuma yake yule jirani anamfuata, akisema amekuja kutazama jinsi kakao ipikwavyo.

VIPIMO

Sasa twawaandikia jinsi tulivyooka mara ya pili, maana hii ndiyo iliyofaulu, nasi tumeirudia mara nyingi tangu hapo. Vipimo hivi ni vya bati la mraba la sentimita 20, navyo hutoa vipande 16.

Kwa peremende: sukari laini ya unga gramu 150, siagi vijiko 2 vya chai, maziwa kijiko 1 kikubwa, arki ya nanaa nusu kijiko cha chai.

Kwa keki: siagi gramu 125, sukari gramu 225, unga wa kakao gramu 75, mayai 2, unga wa ngano gramu 65, chumvi robo ya kijiko cha chai, vanila kidogo mkipenda.

Mkitwanga kakao yenu wenyewe kama sisi, tieni ule uji mzito gramu 120 mahali pa unga wa mkebe, na siagi ipunguzeni iwe gramu 80, kwa kuwa uji huo una mafuta yake ndani. Msipopunguza, keki itaogelea katika mafuta.

Asiye na sukari laini atwange sukari ya kawaida katika kinu kikavu, aichekeche kwa kitambaa chepesi. Asiye na arki achemshe maziwa vijiko 4 vikubwa pamoja na konzi ya majani mabichi ya nanaa, afunike nusu saa, achuje, atumie kijiko 1 cha maziwa hayo. Ladha itakuwa ya upole zaidi, lakini ni njema. Aliye na mafuta safi ya nanaa ya kupikia atie matone mawili au matatu tu, maana ni makali kupita arki. Wala mtu asithubutu kutia chakulani dawa ya kuchua kifua eti kwa sababu ina harufu ya peremende. Hiyo ni dawa ya kupaka. Kuila ni hatari.

KAZI YA SIKU YA KWANZA

Peremende hufanywa jana yake. Changanyeni sukari laini na siagi, mkitia maziwa na arki kidogo kidogo, mkikanda kwa mkono, mpaka liwe donge gumu kidogo kama udongo wa kufinyangia. Likinata, ongezeni sukari. Ligaweni madonge 16, kila moja mlibonyeze liwe duara bapa lenye upana wa sentimita 4 na unene wa nusu sentimita. Zipangeni juu ya karatasi safi, zifunikeni kwa kitambaa chepesi kwa ajili ya nzi na sisimizi, ziacheni zikauke usiku kucha, mkizigeuza mara moja. Asubuhi mtaziona zina ngozi kavu nje na ulaini ndani. Ngozi hiyo ndiyo izuiayo peremende isichuruzike. Sisi mara ya kwanza tuliikosa ngozi hii, nanyi mmesikia yaliyotupata.

KAZI YA SIKU YA PILI

Kwanza, pakeni bati siagi, tandikeni karatasi ya kuokea iliyopakwa siagi nayo, ikitokeza pembeni mpate kuishika.

Pili, tieni siagi, sukari, kakao na chumvi katika bakuli, liwekeni bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka polepole. Korogeni mpaka siagi iyeyuke na vyote vichanganyike. Mchanganyiko utaonekana kama mchanga uliolowa, msiogope. Ondoeni, ngojeni mpaka kidole kiweze kustahimili joto lake, maana mayai yakitiwa katika moto huganda.

Tatu, tieni mayai moja moja, mkipiga kwa nguvu kila mara, hata mchanganyiko ung'ae. Ndipo mtie unga wa ngano na kukoroga mpaka weupe wake usionekane tena.

Nne, mimineni nusu ya ukandwa katika bati, tandazeni. Pangeni peremende safu 4, kila safu duara 4, zisigusane wala zisiguse ukingo. Funikeni kwa nusu iliyobaki, mkiitandaza kwa mgongo wa kijiko taratibu.

Tano, kuoka. Mwenye tanuri la umeme au la gesi aweke joto la digrii 170, aoke kwa dakika 25 hadi 30. Sisi twatumia jiko la makaa na sufuria kubwa ya pilau ya siku za arusi. Twatia mchanga mkavu chini ya sufuria, kimo cha kidole, twaufunika, twaupasha moto robo saa. Kisha tunatia unga wa ngano kidogo juu ya kifuniko cha mkebe, twauweka ndani kwa dakika 5. Ukibaki mweupe, moto ni mdogo. Ukiwa mweusi, moto ni mkali. Ukigeuka rangi ya mchanga wa ziwani, ndio moto wetu. Hapo twaweka bati, twafunika, twapalia makaa mengi juu na kuacha machache chini.

KUONDOA MAPEMA

Wasomaji, hapa ndipo mahali pa kuangalia sana. Keki nyingine zote huokwa mpaka kijiti kikichomwa kitoke kikavu. Brauni ikifika hapo imekwisha kuharibika. Baada ya dakika 25 chomeni kijiti kati ya peremende mbili. Kikitoka na ute, ngojeni kidogo. Kikitoka na chembe zenye unyevu zilizoshikamana, ondoeni mara moja. Ukingo uwe umeshika, katikati patikisike kidogo mtikisapo bati.

Mama watoto mara ya kwanza alikataa. Alisema, "Baba, mbona hii mbichi? Utawalisha wageni unga?" Si mbichi. Joto lililomo ndani huendelea na kazi hata baada ya bati kuondolewa, na mafuta ya kakao yaliyoyeyuka hukaza yakipoa. Ndiyo sababu keki ionekanayo haijaiva ikiwa moto, huwa tayari ikiwa baridi. Kadhalika mfahamu kwa nini tunatia unga mchache na siagi nyingi, wala hatutii hamira ya aina yoyote. Unga ukizidi na hamira ikiwamo, mtapata keki ya kawaida, nyepesi na kavu, nayo peremende haitakuwa na kitanda cha kulalia.

Ikiisha kuondolewa, iacheni katika bati mpaka ipoe kabisa, si chini ya saa 2. Ikilala usiku ni bora. Kisha inueni kwa karatasi, mkate kwa kisu kilichochovywa katika maji ya moto na kufutwa, mistari ikipita kati ya duara na duara, hata kila kipande kiwe na peremende yake nzima. Watoto watalia wakisubiri. Waacheni walie.

HABARI YA UBARIDI

Binti yetu ametuuliza jinsi peremende iwezavyo kuwa baridi na hali imetoka motoni. Swali hili ni jema kwa walimu wa darasani. Ulimi hauwi baridi kwa kweli. Ndani ya nanaa mna kitu kiitwacho mentholi, ambacho hugusa vile vipokezi vya mishipa ya fahamu ambavyo kazi yake ni kutoa habari za baridi. Navyo hutoa habari hizo ingawa baridi haipo. Wataalamu David Julius na Ardem Patapoutian, kila mmoja kwa njia yake, walitumia mentholi kukitambua kipokezi hicho, na habari zake zikatangazwa mwaka 2002. Mwaka 2021 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yao juu ya fahamu za joto, baridi na mguso.

Wapendao kupanda nanaa iliyo kali wajue ya kwamba ni mtoto wa nanaa za namna mbili zilizochanganyika, nayo kwa kawaida haizai mbegu. Basi msiitafute dukani kwa mbegu. Ombeni kwa jirani kijitawi chenye mizizi, mpande mahali penye unyevu. Mwekeeni mpaka, maana hutambaa kupita kiasi.

MWISHO WA HABARI

Keki ya pili ilikatwa jioni, baada ya kazi. Mama alitenga vipande vinne katika sahani, akavifunika kwa kitambaa, akamtuma binti yetu. Kisha akamwita arudi, akaichukua sahani mwenyewe. Karani alikuwa amekaa barazani kwao. Sisi tulimfuata mama kwa mbali, tukasimama penye ua. Alimwambia, "Mwanangu, nilikutukana mbele ya watu kwa jambo ambalo sikulijua. Sasa nimelijua kwa ulimi wangu. Nitasema hivyo mbele ya watu pia." Kijana akasimama, akapokea sahani kwa mikono miwili, akasema, "Mama, yamekwisha." Akaonja pale pale. Naye, mwenye kunusa magunia ya watu kila msimu, alikuwa hajapata kuonja kakao vile vile. Aliuliza kama kipande cha pili ni chake.

Tusiwadanganye wasomaji. Magunia yale mawili hayakupata bei njema. Hasara ilibaki hasara. Lakini siku ya kufungua ghala mama alisema maneno yake mbele ya watu kama alivyoahidi. Kisha alitujengesha kichanja cha kuanikia, kimo cha kiuno cha mtu, chenye paa la nailoni la kufunika mvua ijapo. Darini hapandi tena na kakao. Na kila msimu, kabla ya kupeleka mbegu ghalani, hututaka tukaange konzi moja na kuitwanga, aonje kwanza. Asema, "Siuzi tena nisichokijua."

Neno letu kwa nyumba zilizo katika nchi za kakao, kama Kyela kwetu, na Bundibugyo kule Uganda, na Beni kule Kongo, ni hili: msiuze mbegu zote. Wekeni kilo moja, mwioke, mwile pamoja na watoto, hata wajue mikono ya bibi zao hutoa nini. Nanyi mlio mbali na mikakao mtaitumia ile ya mkebe bila shaka. Lakini msiifanye kila juma, maana sukari yake ni nyingi, na siagi ni ghali. Kwetu ni mara mbili kwa mwaka, Pasaka na Noeli, kipande kimoja kwa kila mtu na kimoja cha kumpelekea jirani.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutaandika habari za kuhifadhi mahindi yasiliwe na dumuzi. Walimu wawili waliotucheka wametuletea barua kuomba vipimo vya bati kubwa zaidi. Twawajibu hapa hapa: zidisheni kila kitu mara mbili, tumieni bati la sentimita 23 kwa 33, wala msichelewe kuondoa.

Kaeni salama.